Simiti ya Mfupa Haingoji Kikao

Mke wangu alianza kunishuku kwa sababu ya simiti. Nilikuwa nimehamishiwa thieta, chumba cha upasuaji, majuzi tu, na kila jioni ya operesheni ya nyonga nilirudi nyumbani nikinuka rangi ya kucha, ile kali ya saluni, imeshika kwenye nywele na kwenye shati. Mama Kinya alininusa, akanipakulia githeri. Tulipomaliza kula ndipo akauliza, "Huyo anayekupaka kucha anaitwa nani?"

Nikamwambia ni simiti.

Akasema ametongozwa na waongo wengi kabla yangu, lakini hakuna aliyewahi kusingizia simiti.

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii na vyeti vyenu vinavyong'aa, jueni kwamba mimi sikuomba kuwaandikia. Ni Kinya, binti yangu, anayewafundisha huko chuoni, aliyeniambia, "Baba, waandikie wanafunzi wangu ukurasa mmoja kuhusu simiti ya mfupa." Ukurasa mmoja! Huyo mtoto nimemlea mwenyewe na bado hanijui.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne huko Kaaga, Meru, wenzangu wakatawanyika na miraa hadi nchi za watu, mimi nikaomba kazi ya hospitali kwa sababu niliona ina paa. Nikifika Chuka tu, mji wa jirani, naanza kukumbuka kitanda changu. Sasa nimestaafu hapa Majimbo, Embu, nina kuku na nina kiti, na kiti ndicho ninachokitumikia kwa bidii zaidi. Kwa hivyo msitarajie shujaa. Kazi yangu thietani ilikuwa kuandaa vyombo, kukoroga simiti na kufunga mdomo. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonishinda.

Tuanze na vitu vyenyewe. Simiti ya mfupa ni unga mweupe kwenye pakiti na maji yake kwenye kichupa. Hayo maji ndiyo yanayonuka. Ukivichanganya, vinakuwa uji, halafu ugali, halafu vinapata moto vyenyewe mkononi bila jiko, halafu jiwe. Maisha yako yote ya kazi yako hapo kati ya uji na jiwe. Daktari akibadilisha nyonga, anaondoa kichwa cha mfupa wa paja kilichovunjika, anachimba njia ndani ya mfupa, anaijaza simiti, anatumbukiza chuma. Simiti ikikaza, chuma hakichezi. Mgonjwa anaweza kuukanyagia mguu kesho yake. Kwa mtu mzee ambaye mifupa yake imekuwa myepesi kama gunzi la mahindi, hiyo kesho yake ni kitu kikubwa kuliko mnavyofikiri nyinyi wenye magoti mazuri.

Lakini simiti ina tabia, na tabia yake inafuata hali ya hewa. Nilipoanza Meru, miezi ile ya baridi na ukungu, nilikoroga nikakoroga, na uji ukabaki uji. Daktari alisimama ameinua mikono miwili, amemaliza kuchimba, akiningoja mimi. Akaimba wimbo wa kanisani, akamaliza, akaanza mwingine. Akaniuliza kama nimesahau kuweka sukari. Baadaye nikahamia Embu na joto lake. Siku moja mashine ya kupoza hewa ilikuwa imeharibika na fundi amesema anakuja. (Mafundi wa mashine za hospitali wote wako njiani. Nimestaafu, nao bado wako njiani.) Nikakoroga kwa ule mwendo wangu wa Meru. Nilipogeuka kuikabidhi, mwiko ulikuwa umesimama wima ndani ya bakuli kama mlingoti wa bendera. Tukafungua pakiti nyingine. Lile bonge nililibeba nyumbani, na Mama Kinya hulitumia kuzuia mlango wa jikoni usigongwe na upepo. Wageni wakiuliza anawaambia ndicho cheti changu.

Nyinyi siku hizi mnakorogea kwenye mtungi uliofungwa, pampu inafyonza hewa, hamnusi hata kidogo, na wake zenu wana amani. Vizuri. Lakini mtungi haujui kama ni Meru au Embu. Pima joto la chumba kabla hujafungua kichupa.

Aliyenifundisha hayo yote ni Mzee Salim, mtu wa mjini Meru, mkubwa wangu thietani. Ukoo wao walikuwa wachinjaji, yeye peke yake ndiye aliyeenda hospitali, na ndugu zake walimcheka kwamba amefanya uchinjaji wa kupata pensheni. Mimi niliona simiti ni dawa tamu isiyo na kasoro. Nilimwambia hivyo. Jumamosi Salim akanipeleka kwenye bucha ya kaka yake, akachukua mfupa wa paja la ng'ombe uliokatwa juu, uboho umejaa ndani, akachukua na ugali uliobaki asubuhi.

"Sukuma ugali uingie humo," akaniambia.

Nikasukuma. Haukuingia.

"Sukuma kama mtu aliyekula!"

Nikasukuma kwa kidole gumba na nguvu zote. Mafuta ya uboho yakatokea kwenye vitundu vidogo vya pembeni mwa mfupa, vile ambavyo mishipa ya damu hupitia. Yakateleza polepole mpaka kwenye meza. Kaka yake akaja juu kwamba tunamharibia biashara.

"Umeona?" Salim akasema. "Huyu amekufa, mafuta yamemwagika mezani. Yule wako yu hai. Yake yanamwagikia wapi?"

Nikamwambia sijui.

"Kwenye damu. Damu inayapeleka kwenye mapafu. Mapafu yakiziba, moyo unasukuma ukuta. Presha inaanguka, mtu anaweza kukuachia maiti na nyonga mpya nzuri kabisa." Akafuta mikono. "Kwa hivyo osha njia ya mfupa mpaka maji yatoke safi. Kausha. Acha kimrija ndani hewa ipate pa kutokea. Jaza kutoka chini kupanda juu. Na kabla haijaingia, mtu wa ganzi aambiwe kwa sauti, na umngoje ajibu. Asipojibu, haiingii. Hata daktari akiwa na harusi yake."

Si watu wengi wanaopatwa na hayo. Ila wanaopatwa zaidi ni wazee, wenye moyo mchovu na mfupa mwepesi, yaani walewale ambao simiti inawasaidia zaidi. Sikuipanga mimi hivyo.

Sasa niwaambie habari ya Cucu Ciarunji; cucu kwa huku ni nyanya.

Alikuwa mama mzee wa Ishiara, mjane, mkulima wa ndengu na nthoroko, yaani kunde, mwembamba, moyo wake ulikuwa tayari unatibiwa kwa vidonge. Alianguka akifukuza mbuzi wa jirani. Mbuzi alipona. Alipoletwa Embu, eksirei ikaonyesha shingo ya nyonga imekatika, na Daktari Njeru, mpasuaji wetu, akasema afanyiwe operesheni haraka, kabla kifua hakijajaa. Mtu mzee mwenye nyonga iliyovunjika ni maziwa yaliyo nje ya friji. Kila siku ya kulala inamla: kifua, mgongo unaochubuka, damu inayoganda mguuni.

Lakini familia ilikuwa na kamati.

Mnaijua kamati. Mtu wa huku hawezi kuugua bila mwenyekiti. Kundi la WhatsApp lilifunguliwa kabla gari halijatoka Ishiara, na mama alipofika wodini, mwanawe wa kwanza, Nyaga, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa tayari ameshachaguliwa mwenyekiti. Wakaweka viti vya plastiki kwenye ujia wa wodi, kikao kikafunguliwa kwa maombi. Hoja ilikuwa: mama atiwe simiti au asitiwe?

Nilikuwa napita na troli, na kwa vile mimi ni mtu nisiye na haraka, nilisikia kikao karibu chote. Upande mmoja ulisema jirani fulani alikata roho simiti ilipoingia. Hilo lilikuwa jambo la kuogopa kweli, sitalicheka. Upande wa pili ulisema mama wa kanisa fulani alitiwa simiti na sasa anapanda mlima kupita mbuzi. Ireri, mpwa ambaye ni fundi wa kujenga, akainua mkono, akaruhusiwa na mwenyekiti, akauliza ni nani atakayekuwa akiimwagia maji simiti hiyo kila asubuhi ili isipate nyufa.

Mtu akaandika hilo kwenye kumbukumbu.

Nyaga akasema jambo ni zito, hawawezi kuamua bila shangazi wa Nairobi. Shangazi wa Nairobi akapigiwa, akasema yuko kwenye mkutano. Kikao kikafungwa kwa maombi. Siku iliyofuata wakakaa tena, na shangazi akasema atatuma mtaalamu anayemjua, na mtaalamu alipopigiwa ikawa ni mtu anayeuza vifaa vya mazoezi. Daktari Njeru alitoka mara mbili kuwaeleza. Walimsikiliza kwa heshima kubwa, wakamshukuru, wakamwomba awapishe wajadiliane.

Kifua cha Cucu kikaanza kukoroma.

Karimi, mtu wetu wa ganzi, mama mmoja mwenye sauti ya chini na macho yasiyopepesa, ndiye aliyechoka kwanza. Alivuta kiti karibu na kitanda cha Cucu. Mimi nilikuwa hapo nashika pazia, kwa sababu reli ya pazia ilikuwa imevunjika na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kitaalamu siku hiyo.

"Cucu," Karimi akasema, "kuna mtu amekueleza habari ya simiti?"

"Wananiombea tu," Cucu akasema. "Nikifumbua macho wananiambia nipumzike." Aliongea Kimbeere, mimi nawawekea Kiswahili.

"Ina wema na ina ubaya. Nikuanzie wapi?"

"Ubaya. Wema nitauona mwenyewe."

Karimi akamwambia. Hakumpaka mafuta. Akamwambia mafuta ya ndani ya mfupa yanaweza kusukumwa yakaingia kwenye damu, presha ikaanguka, na kwa moyo wake yeye, huenda isirudi. Akamwambia siku nyingine ikiingia uchafu, kuitoa simiti ni kazi ya patasi.

"Na bila simiti?"

"Chuma kinagongwa kishikwe na mfupa wenyewe. Kwa kijana mwenye mfupa mgumu ni sawa, mfupa unaota ukakishika. Wako ni mwepesi, Cucu. Unaweza kupasuka tukigonga, au upasuke baadaye. Na paja litakuuma, utachelewa kuukanyagia."

"Na nikikaa hivihivi?"

"Kifua kitakuchukua."

Cucu akaangalia dari. Akaangalia beseni la chini ya kitanda, ambalo wakwe zake walikuwa wakipokezana zamu za kuliweka na kuliondoa.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimezaa watu wanane. Nimelima. Nimezika mume. Sijawahi kushikwa kiuno na mke wa mtoto wangu nikijisaidia, huku anageuza uso. Hilo beseni ndilo linaloniua, si mguu. Nataka niende choo kwa miguu yangu. Hiyo simiti yako itanipeleka choo?"

"Ikikubali, kesho yake unasimama. Ikikataa, hutaamka. Mimi nitakuwa kichwani kwako wakati wote."

"Basi wanangu wanajadili nini huko nje?"

Mimi nilikuwa na jibu, lakini nilikuwa nimeshika pazia.

"Nileteeni wino nitie kidole," Cucu akasema. "Na msiwaambie mpaka nimeingia. Wataanza na maombi na tutachelewa."

Akatia kidole kwenye fomu ya kukubali. Daktari Njeru akamsomea yote tena mwenyewe, pole pole, akamuuliza kama amelazimishwa. Cucu akamuuliza kama naye ana kamati.

Asubuhi tukamwingiza. Siku hiyo mashine ya kupoza hewa ilikuwa inafanya kazi, na mimi nilipima joto la chumba kama mtu anayepima homa ya mtoto wake. Daktari akaosha njia ya mfupa, akaosha tena, maji yakatoka safi. Akakausha. Mrija ukawekwa. Karimi akamwongezea oksijeni na maji ya dripu mapema. Nikakoroga. Uji. Nikasubiri mpaka ikaacha kunata kwenye glavu, nikakata kibonge kidogo nikabaki nacho kiganjani ili nijue inaendeleaje, na yenyewe nikaikabidhi.

"Simiti inaingia!" Daktari akasema.

"Nimesikia," Karimi akasema. "Ingiza."

Ikaingia, kutoka chini kupanda juu. Daktari akaanza kuishindilia. Kisha ule mlio wa mashine, ti, ti, ti, ukabadilika. Karimi hakupiga kelele.

"Acha kusukuma."

Daktari akaacha mikono hapohapo ilipokuwa.

"Presha imeanguka. Msimguse." Akaingiza dawa kwenye mshipa. Tukaona namba zikishuka tena.

Sasa elewa tulipokuwa. Ukisukuma chuma, unaweza kumuua. Usiposukuma, simiti inakuwa jiwe ndani ya mfupa bila chuma, na huyo mama hatasimama tena, labda mfupa uchimbwe upya, na moyo wake hauwezi kuchimbwa mara mbili. Kibonge kilikuwa kinaanza kupata joto mkononi mwangu.

"Mwiti, vipi hiyo?" Daktari akaniuliza bila kugeuka.

"Bado laini," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyekalia msumari. Nikabonyeza. "Laini kidogo." Nikabonyeza tena. "Daktari, inaanza kukataa."

"Karimi?"

"Ngoja."

Nilitamani kwetu. Nilitamani hata Chuka.

"Karimi, inakaza."

"Ngoja nimesema." Alikuwa ameshika mkono wa Cucu, kidole kwenye mshipa, haangalii mashine kabisa. "Inarudi. Inarudi… Sasa. Pole pole kama unavyomlaza mtoto."

Daktari akaingiza chuma pole pole hivyo, haharakishi, huku simiti inamkazia kutoka pande zote. Kikafika. Akakishikilia. Kibonge mkononi mwangu kikawaka moto, kikawa jiwe. Nikakigonga kwenye meza ya chuma, kikalia ko. Karimi akavuta kiti akakaa, na ndiyo mara ya pekee niliyowahi kumwona amekaa katikati ya operesheni.

Nje, kamati ilikuwa imepata habari. Nyaga alimkabili Daktari mlangoni akitaka kujua uamuzi huo ulipitishwa na nani.

"Na mgonjwa," Daktari akasema.

"Mgonjwa si mwanakamati," Nyaga akasema. Alisema hivyo, na nyuso zote zikaitikia.

Kesho yake kijana wetu wa tiba ya viungo akamsimamisha Cucu kando ya kitanda kwa fremu ya kutembelea. Alisimama, akatetemeka, akatukana kwa Kimbeere neno ambalo sitawawekea kwa lugha yoyote, akakaa kwenye kiti. Kifua kikaanza kufunguka. Siku iliyofuata hatua chache. Kamati ikashtuka, ikaitisha kikao cha dharura palepale kwenye ujia, viti vimepangwa kutoka ukuta hadi ukuta. Hoja: lini mama aruhusiwe kutembea. Ireri alikuwa anashikilia kwamba slabu yoyote ya zege hukaa siku kadhaa kabla ya kuondolewa mbao, na hata mnara wa kanisa walioujenga haukuharakishwa. Wengi walikuwa upande wake. Mimi nilikuwa napita na troli tena, nikakosa pa kupita, nikasimama, na sikuumia sana.

Mlango wa wodi ukafunguka nyuma yao. Ikatoka fremu kwanza, halafu kanga, halafu Cucu, akilini kwake yuko peke yake duniani. Yule kijana wa tiba ya viungo alikuwa nyuma yake amenyoosha mikono bila kumgusa. Choo kilikuwa mwisho wa ujia, upande wa pili wa kamati.

Wote wakageuka. Mkwe mmoja akaruka kutafuta beseni.

"Mama!" Nyaga akasema, bado ameketi, kalamu mkononi. "Mama, rudi ulale. Hatujafikia uamuzi."

Cucu akasogeza fremu. Akavuta mguu mzima, akaukanyagia ule mpya, akatoa pumzi. Akasogeza tena, mpaka fremu ikagusa magoti ya mwenyekiti.

"Nyaga," akasema, "simama na kiti chako nipite. Nimebanwa."

Nyaga akasimama na kiti.